Nyota za Orion, Cas ya Ville ya Goma

Kwa miaka kumi na tisa nimeandika kwa mashine vitabu vya wasomi wa mji huu, na mtu akiniuliza nimejifunza nini, nitamwambia nimejifunza kuwadharau. Duka langu liko Birere, hapa Goma, mlango wa tatu kutoka kwa wauza vitenge. Juu ya mlango pameandikwa Secrétariat Public, maana yake naandika, nachapa na kushona vitabu. Mwanafunzi wa chuo akifika mwisho lazima atoe mémoire, kitabu cha kurasa sitini hivi, akitetee mbele ya jopo la walimu watatu, ndipo apewe diploma yake. Wengi hawaandiki chochote. Wanakuja na kitabu cha kaka yao aliyemaliza Bukavu, wananiambia, "Mama Léonie, badirisha tu jina na ville." Nabadilisha. Penye Bukavu naweka Goma, penye 2012 naweka 2019. Hakuna mwalimu aliyewahi kuniletea kitabu akaniambia hiki kimeibwa, na nadhani sababu ni kwamba vyao pia vilipita hapa.

Chuo kina karatasi yake inayoitwa canevas, inayoonyesha kitabu kipangwe vipi. Sura ya kwanza, maelezo ya maneno. Sura ya pili, mahali pa utafiti na watu waliohojiwa. Sura ya tatu, matokeo. Na kichwa cha kitabu hakikubaliwi kama hakiishi na "cas ya", yaani mahali palipochunguzwa: cas ya ville ya Goma, cas ya soko fulani, cas ya kata fulani, kutoka mwaka huu hadi mwaka ule. Ukiandika juu ya maziwa, ni cas ya Masisi. Ukiandika juu ya Mungu, watakuuliza cas ya parokia gani. Mimi nina sura ya pili tayari ndani ya kompyuta tangu mwaka 2009. Mipaka ya Goma imo, historia ya Goma imo, jedwali la wahojiwa limo, na kilichobaki ni kujaza nafasi: watu wangapi, karatasi za maswali ngapi zimegawiwa, ngapi zimerudi. Dakika ishirini na kazi imekwisha. Sina haja ya kujisifu, lakini nusu ya utafiti wa mji huu umefanyika juu ya kiti changu, na sijawahi kutoka nje kumhoji mtu.

Dancille Uwingabire alipoingia dukani mara ya kwanza nilimdharau yeye pia, sitaficha. Mwanamke wa miaka arobaini, viatu vimejaa vumbi jeusi la volkano kwa sababu alikuwa ametembea kwa miguu kutoka Munigi, nje ya mji, na kompyuta imefungwa ndani ya kitenge mgongoni pale ambapo wenzake hufunga mtoto. Nikajua ni wale wanaorudi shule wakati wa kuozesha watoto. Akasalimia vizuri, akauliza kama duka langu lina mtandao.

"Mutandao iko," nikamwambia. "Unataka nikuandikie nini?"

"Bado hakuna kitu, mama. Ninataka tu kuvuta mafichier, mafaili ya ku mutandao. Niko nakuya asubui, saa kumi na mbili, kabla batu bajae."

Akaja kweli, siku tatu kila juma, kwa miaka mitatu. Hivyo ndivyo nilivyomjua, kidogo kidogo. Alizaliwa Rutshuru kwa baba mwenye ng'ombe, akafika Goma na diploma yake ya sekondari mwaka ule lava ilipofunika katikati ya mji, akapata kazi ya kufundisha Munigi. Alipewa fizikia kwa sababu moja tu: mwalimu wa fizikia alikuwa amekimbia na hakuna mwingine aliyeitaka. Akajifunza usiku yale aliyofundisha asubuhi. Alipenda. Miaka ikapita, akawa ndiye mwalimu wa fizikia wa darasa la tano na la sita la sekondari, na watoto wake walifaulu mtihani wa Serikali kuliko wa shule zenye vioo madirishani. Kisha mkuu wa shule akakumbuka kwamba madarasa ya juu yanadai mwalimu mwenye licence, diploma ya chuo. Alikumbuka siku mpwa wake alipoipata ya kwake, ya mambo ya usimamizi. Mpwa huyo hajui kutofautisha volti na kilo. Dancille akaambiwa alete licence yake kabla masomo ya Septemba mwaka ule wa tatu hayajafunguliwa, la sivyo saa zake zote za kufundisha zinakwenda kwa kijana yule. Ndiyo maana alikuwa chuoni na mvi zake, na ndiyo maana mémoire ile haikuwa mchezo kwake.

Angeweza kuniambia nibadilishe jina na mji kama wenzake. Badala yake, asubuhi moja nilipita nyuma yake nikaona kioo cha kompyuta kimejaa madoa meupe juu ya weusi.

"Ni nini hii, mama? Ni bugonjwa?"

"Ni nyota," akasema. "Ni radio ya nyota."

Hapa kwetu radio ni ile picha ya eksirei wanayokupiga hospitalini. Nikacheka mpaka nikashika meza. "Nyota banazipigaka radio? Ziko na kifua kikuu?"

Hakucheka. "Hatuzipigi siye. Zenyewe njo zinatoa ile mwangaza. Siye tunapokeaka tu."

Nitaeleza kama alivyonieleza. Mimi niliishia darasa la nne la sekondari na nilielewa, kwa hiyo profesa asije akaniambia kwamba ilikuwa ngumu. Huko angani kuna mawingu, si ya mvua bali ya gesi na vumbi, na ndani yake nyota zinazaliwa. Ukitazama kwa darubini ya kawaida, vumbi linakuzuia, kama jikoni kwa mtu anayepikia kuni mbichi: unasikia watoto wanakohoa lakini huwaoni. Sasa, nyota changa ni kali. Inazunguka upesi, imejaa sumaku, inalipuka kila mara, na milipuko yake inatoa eksirei nyingi kuliko jua letu, mara mia, hata mara elfu. Eksirei hizo zinapenya vumbi kama zinavyopenya nyama ya mkono zikaonyesha mfupa. Nyota ikizeeka inatulia. Basi ukitazama wingu kwa eksirei unawaona watoto waliofichwa ndani, na wazee wanaopita mbele ya wingu, hata kama wanang'aa vizuri kwa macho, unakuta karibu wako kimya.

Nikamwuliza kama anazitazama kutoka Munigi. Akasema hazionekani kutoka Munigi wala kutoka kokote duniani, kwa maana hewa yetu inazimeza zote kabla hazijafika chini. Lazima chombo kiwe nje ya hewa, juu kabisa. Na wenye chombo, baada ya muda, wanaweka kila walichokiona kwenye mtandao ili yeyote achukue.

"Bila attestation ya ruhusa?"

"Bila."

"Bila barua yenye muhuri?"

"Bila kitu, Mama Léonie. Unachukua, unafanya kazi."

Hilo lilinishangaza kuliko nyota zenyewe. Hapa ukitaka kusoma gazeti la mwaka jana kwenye ofisi yoyote utaulizwa wewe ni mtoto wa nani.

Alichagua kipembe cha wingu lililo chini ya zile nyota tatu za Orion zinazosimama mstari mmoja. Kipembe chake kilikuwa na nyota mia mbili na kumi na mbili. Alizipa namba, akazihesabia chembe za mwanga moja moja, saa iliyofika na nguvu iliyokuja nayo. Nyingine kwa siku nzima ilitoa chembe arobaini tu. Umeme ukikatika alingoja bila kulalamika, ukirudi aliendelea kwenye chembe ileile. Asubuhi moja aliniita kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo.

"Mama Léonie, kuya! Kuya uone namba themanini na nane!"

Kwenye kioo kulikuwa na mchoro. Mstari ulitembea chini, sawa, saa kumi nzima, halafu ukapanda ghafla mpaka karibu utoke juu ya kioo, kisha ukashuka taratibu kwa saa nyingi.

"Ilikuwa imenyamaza," akasema, "kisha ikapasuka. Ni mutoto anakasirika."

Nilisikia furaha, nikaudhika kwa kuisikia, maana nilikuwa na mémoire nne za kushona na wenyewe walikuwa wanagonga mlango.

Kazi yake yenyewe ilikuwa hii. Watu waliotangulia walizitambua nyota changa kwa vumbi linalozizunguka kama sahani. Isiyo na sahani waliiweka kando, wakaiandika mpita njia. Dancille alizichukua zile zilizowekwa kando, akazisikiliza kwa eksirei, akaonyesha kwamba kumi na moja kati yake zinapiga kelele za utoto sawa na wengine. Ni wenyeji wa wingu lile. Zilipoteza tu vumbi lao mapema, basi zikafutwa kwenye orodha ya nyumbani kwao. Aliandika hayo kwa kurasa thelathini na mbili, na mimi niliyaandika kwa mashine, kila hesabu na kila mchoro, na kwa mara ya kwanza katika kazi hii nilirudi nyuma kusoma tena ukurasa nilioumaliza.

Mwalimu aliyepewa kumwongoza anaitwa Gentil. Ni Chef de Travaux, cheo cha mtu anayesubiri kuwa profesa, na huyu atasubiri mpaka meno yaishe. Ni mtu wa koti hata saa saba mchana, na kalamu tatu mfukoni, lakini huazima ya nne anapotaka kuandika. Mémoire yake mwenyewe niliiandika mimi mwaka 2008. Ilitoka Kisangani, na katika kubadilisha tulisahau ukurasa wa kumi na nne, kwa hiyo katika maktaba ya chuo mto Kongo unapita katikati ya Goma mpaka leo. Mtu huyu ndiye aliyeketi juu ya kurasa za Dancille miezi miwili, kisha akamrudishia zikiwa na mstari mmoja mwekundu na maneno mawili: "Hakuna cas."

Siku hiyo walikutana dukani kwangu. Dancille alikuwa ameketi kwenye benchi na kurasa zake magotini, Chef akaingia kuchukua karatasi zake.

"Ma Dancille, kazi iko bien," akasema bila kumtazama. "Lakini iko inaelea. Haina délimitation spatiale, haina mipaka ya mahali."

"Niliandika, Chef. Ziko mbali. Mwangaza yake inatembeaka miaka zaidi ya elfu moja na mia tatu kabla ifike huku."

"Ile ni distance. Miye ninauliza milieu. Ni commune gani, kata gani?"

"Haiko na commune, Chef. Ni mbingu."

"Mbingu ya wapi?"

Mimi nilidhani Chef anatania, nikainua kichwa nicheke naye. Hakuwa anatania. Alikuwa amekunja paji la uso kama mtu anayefikiri.

"Na population d'enquête?" akaendelea. "Uliuliza batu ngapi?"

"Nyota mia mbili na kumi na mbili."

"Na zilijibu?"

"Chef..."

"Mama, sikia. Commission ya lecture haisomi kitu kinatoka inje ya canevas. Session ya kupokea bitabu inafungwa Ijumaa. Ao unaingia mu canevas, ao unangoja mwaka kesho." Akapanga karatasi zake chini ya kwapa. "Mama Léonie anajuaka namna ya kufanya."

Akatoka na koti lake. Mwaka kesho maana yake Septemba ingepita, na mpwa wa mkuu wa shule angekuwa amesimama mbele ya ubao wa Dancille akiwaambia watoto sijui nini. Dancille alizinyoosha kurasa magotini, moja moja. Watu waliingia, wakapiga fotokopi, wakatoka.

"Fanya, mama," akasema mwishowe.

Nikafanya. Kurasa zake niliziweka kama sura ya tatu, kisha nilifungua sura yangu ya mwaka 2009, nikajaza nafasi. Kitabu kikapata kichwa kipya: mwanga wa eksirei wa nyota changa katika Orion, cas ya ville ya Goma, kutoka 2020 hadi 2023. Ndani nikaandika, kwa Kifaransa cha chuo ambacho nakigeuza hapa: utafiti wetu ulifanyika katika mji wa Goma, unaopakana kusini na ziwa Kivu, mashariki na Rwanda, kaskazini na eneo la Nyiragongo. Wahojiwa wetu ni mia mbili na kumi na wawili. Karatasi za maswali mia mbili na kumi na mbili ziligawiwa. Zilizorudi ni mia mbili na kumi na mbili, sawa na asilimia mia moja. Tunawashukuru kwa ushirikiano wao. Jedwali la jinsia sikuweza kulifuta, kwa sababu likifutwa linavuruga kurasa zote zinazofuata, basi nikaandika wanawake mia moja na watatu, wanaume mia moja na tisa, wengi wao wameoa au wameolewa.

Dancille alisoma amesimama. Kwanza alicheka kidogo, halafu kicheko kikaisha.

"Batasoma, Mama Léonie. Batasoma na batanifukuza."

"Habasomake," nikamwambia. "Miaka kumi na saba, mama. Habasomake."

Nilisema kwa majivuno, kama fundi anayekuhakikishia mlango wake. Leo nikikumbuka sauti yangu naona aibu kuliko kwa ile sura yenyewe. Sahihi tatu za commission, yaani za walimu walewale wa jopo, zilipatikana siku hiyohiyo kabla ya saa tisa. Pembeni mwa sura ya pili, kwa kalamu ya kuazima, Chef de Travaux Gentil aliandika: "Sasa ni kazi ya kisayansi."

Utetezi ulikuwa Jumamosi saa nne asubuhi. Kwa desturi ya hapa mwanafunzi huleta chakula cha jopo, na chakula hicho hupangwa mezani mapema, chini ya kitambaa, mahali ambapo waheshimiwa wanaweza kukiona wakati wa kuuliza maswali. Mimi nilikwenda. Nitasema nilikwenda kwa sababu nilishona kitabu, lakini kweli ni kwamba nilitaka kuwaona wakipita juu ya zile nyota zilizoolewa bila kujikwaa. Safu mbili za nyuma zilikuwa zimejaa wanafunzi wa darasa la sita kutoka Munigi, sare zimefuliwa, wengine wametoka kwenye mahema ya wakimbizi ya Kanyaruchinya na wametembea tangu alfajiri. Dancille hakuwa amewaalika. Walikuja kumwona mwalimu wao akiulizwa maswali kama anavyowauliza wao.

Alieleza sura ya tatu kwa dakika ishirini. Aliwaonyesha namba themanini na nane. Aliwaonyesha zile kumi na moja zilizofutwa. Wale watoto walifuata kila mchoro, shingo zimenyooka. Rais wa jopo, Profesa Kambere, alikuwa anasoma simu yake chini ya meza na mara moja moja anatazama kitambaa kilichofunika kuku. Mwalimu wa tatu alikuwa amelala, kwa adabu, macho wazi. Chef Gentil alitikisa kichwa kukubali kila Dancille alipotulia kuvuta pumzi.

Kisha Profesa Kambere akachukua neno. Alifungua kitabu mahali palipokuwa na kikaratasi, pale kwenye jedwali.

"Madame, sura ya tatu ni nzito bure. Lakini hii ya pili ni mfano. Nawaomba wanafunzi waichukue kama mfano. Wahojiwa mia mbili na kumi na wawili, majibu mia mbili na kumi na mbili! Sisi tukifanya utafiti hapa Goma, watu wanatukimbia. Tuambie, ulifanya namna gani wote wakajibu?"

Jibu la swali hilo kila mtu analijua. Ni uhamasishaji. Unasema, "Kwa njia ya uhamasishaji, Profesa," unainamisha kichwa, unapewa diploma. Nilimtazama Dancille nikamsihi kwa macho: sema tu neno hilo, uende nyumbani na saa zako. Naye hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama zile safu mbili za nyuma.

"Hakuna mwenye alijibu, Professeur," akasema kwa Kiswahili, ingawa pale huzungumzwa Kifaransa tu. "Hakuna mwenye aliulizwa. Ni nyota. Nyota haikuwe na bwana, haikuwe na commune. Hii sura ya pili ni bongo, ni ya kutunga. Niliiweka sababu mulikataa kusoma kazi yangu bila hii. Kazi yangu ni ile ya tatu."

Mtoto mmoja wa Munigi akaanza kucheka, akaziba mdomo kwa mikono miwili. Mwalimu wa tatu aliamka. Chef Gentil alitoa kitambaa akajifuta uso, kisha shingo, kisha akakikunja vizuri akakirudisha mfukoni kana kwamba hiyo ndiyo kazi aliyoitiwa.

Jopo likatoka kwenda kujadiliana. Kwa kawaida huchukua dakika kumi. Wale walichukua arobaini, na mimi nilisimama karibu na mlango bila haya yoyote, nikasikia Profesa Kambere akisema, "Signature yangu iko pale. Na yako. Na yako. Munataka tuende kumuelezea nani?"

Waliporudi Profesa alisimama, akasoma karatasi kwa Kifaransa cha sherehe. Mwanafunzi amejibu maswali yote kwa namna iliyoliridhisha jopo. Amepata Distinction, alama ya juu. Anatakiwa kuweka kitabu maktabani kama kilivyotiwa sahihi, bila kubadilisha hata koma. Watu wakapiga makofi. Waheshimiwa wakafunua kitambaa wakala kuku, na Chef Gentil aliomba kachumbari. Nilikuwa nimetegemea waaibike angalau kwa muda wa chakula, na nilikasirika. Dancille alisimama kando, amepewa kila alichohitaji kwa ule uongo alioukana mbele yao. Wanafunzi wake walimzunguka. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyetoka mazikoni.

Jumatatu alikuja na nakala tatu za maktaba nimshonee. Kabla sijazishona akaniomba kalamu. Alifungua ukurasa wa ishirini na saba, mwisho wa sura ya pili, akaandika kwa mkono kwenye nakala ya kwanza, kisha ya pili, kisha ya tatu, kwa herufi zake za ubaoni: "Sura hii si ya kweli. Nyota haikujibu kitu. Kazi iko kwenye sura ya tatu. D.U."

"Batakunyima diploma," nikamwambia.

"Bakifungua, banyime."

Hawakufungua. Alipewa diploma yake Agosti, Septemba akasimama mbele ya ubao wake Munigi, na mpwa wa mkuu wa shule akapewa kufundisha uraia.

Mwaka uliofuata akaja kijana anayeitwa Prodige, shati jeupe, manukato mengi, na fotokopi ya kitabu chini ya mkono. Alikitoa maktabani, kwa kuwa profesa alikisifu darasani. "Mama Léonie, badirisha jina, na uweke cas ya ville ya Butembo." Nikakifungua. Zilikuwa nyota za Dancille, zote mia mbili na kumi na mbili, na hakujua hata kwamba ni nyota. Nikafika ukurasa wa ishirini na saba. Mwandiko wake ulikuwa pale, umetoka kijivu kwenye fotokopi. Nikamwonyesha Prodige kwa kidole.

"Na hii?"

Aliitazama kwa haraka ya mtu anayengojewa na pikipiki. "Haiko ndani ya kitabu? Andika yote, mama. Batasema nimepunguza."

Nikaandika. Niliiweka kwa herufi zilezile za sura nzima, bila kuipigia mstari. Commission ikatia sahihi tatu. Prodige akatetea, akala Distinction yake, akaenda zake.

Siku hiyo jioni, kabla ya kufunga duka, nilifungua sura yangu ya mwaka 2009 na mwisho wake kabisa, baada ya shukrani kwa wahojiwa, nikaongeza: sura hii si ya kweli. Tangu hapo kila mémoire inayopita hapa inatoka nayo. Ya maziwa ya Masisi inayo. Ya parokia inayo. Zimefika kumi na nne, zote zimesainiwa, tatu zina maneno ya pongezi pembeni kwa kalamu ya kuazima.

Nilimwambia Dancille alipopita na kompyuta yake mgongoni, nikidhani atacheka. Hakucheka. Alifungua kitenge, akaketi mahali pake.

"Na ile sura ya tatu," akauliza, "kuko hata mumoja mwenye aliisoma?"

"Miye," nikasema. "Miye nilisoma."

Alinitazama kama anavyowatazama wale watoto wake, nadhani, mmoja wao anapodai amefanya zoezi la nyumbani.

"Basi uniambie. Namba themanini na nane, kisha ya kupasuka, sababu ya nini inachukua masaa mingi kabla itulie?"

Nilikuwa na mteja mlangoni na mashine inachapa. Nikaizima.

"Sababu ile gesi ya moto inafungwa ndani ya sumaku," nikasema. "Haina pa kutokea. Inapoa polepole, palepale."

"Ni bien, Mama Léonie," akasema, akafungua kompyuta.

Lilikuwa swali la kwanza nililosikia mtu akiuliza juu ya sura ile ya tatu.